Rauta Yangu Ilitoka Kiwandani Mei 2006

Kila kifaa cha Cisco kimeandikwa umri wake mgongoni. Wauzaji wengi wa Luthuli hawajui kuusoma, na wanaojua hawakuambii. Tafuta nambari ya siriali. Herufi tatu za kwanza ni kiwanda. Tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka, ila lazima uzijumlishe na 1996. Mbili baada ya hapo ni wiki. Yangu inaanza na FHK1022. Kumi na 1996 ni 2006, wiki ya 22, yaani mwisho wa Mei.

Ni Cisco 1841, nzito kama tofali, na feni yake inalia kama posho mill iliyo mbali. Niliinunua pamoja na swichi mbili za Catalyst 2950 kwa sababu nasomea mtihani wa CCNA nyumbani, Entarara, huku kwetu upande wa Kitengela, ambako upepo wa Kapiti unaingiza vumbi hadi ndani ya kikombe cha chai. Nia yangu ilikuwa kupata kitu cha kufanyia mazoezi, basi. Lakini ule mwaka ukanishika. 2006! Kenya ya 2006 haikuwa na hata kebo moja ya faiba iliyofika kwa bahari. Intaneti yote ya kutoka nje ilishuka kwa setilaiti. Sasa mashine kama hii ilikuwa inabeba nini, kutoka wapi kwenda wapi?

Ili kujibu inabidi turudi nyuma kidogo, na wale mliozaliwa baada ya M-Pesa mvumilie.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, waya wowote wa mawasiliano nchini ulikuwa wa Kenya Posts and Telecommunications Corporation, KPTC. Simu, barua, telegramu, stempu: duka moja. Mwaka 1995 taasisi iliyoitwa African Regional Centre for Computing ilileta muunganisho kamili wa intaneti, na kampuni binafsi zikafuata. Lakini hata ukiwa na kampuni yako, njia ya kutoka nje ya nchi ilibaki ya KPTC. Mwaka 1998 shirika likajenga uti wake wa mgongo, Jambonet, na kila mtoaji huduma akatakiwa kupitia hapo. Mwaka huohuo bunge likapitisha sheria mpya ya mawasiliano, na mwaka 1999 KPTC ikavunjwa vipande vitatu: posta, Telkom Kenya, na msimamizi aliyeitwa CCK. Telkom ikaachiwa ukiritimba wa trafiki ya kimataifa.

Hapa ndipo hadithi inapata utamu. Fikiria uko Westlands mwaka 2000, unamtumia barua pepe mtu wa Industrial Area. Mmejiunga na kampuni tofauti za intaneti. Kampuni hizo hazijaunganishwa kwa waya hapa Nairobi, kwa hiyo barua yako inapanda setilaiti, inashuka Marekani au Ulaya, inabadilisha njia huko, inapanda tena, inashuka Nairobi. Kilomita chache za matatu zinageuka safari ya bara hadi bara. Na kila biti inalipiwa kwa dola, kwenda na kurudi. Ni kama kutoka Kitengela kwenda Athi River, mwendo wa dakika kumi, lakini lazima upitie Kampala.

Watoaji huduma, chini ya chama chao TESPOK, wakafanya kitu ambacho kikiwa mezani ni cha kawaida sana: wakachukua chumba kimoja, wakaweka swichi, na kila kampuni ikaleta waya wake pale. Ukitaka kumfikia mteja wa jirani, unapitia kwenye swichi, mnamalizana hapahapa. Wakaiita KIXP. Ilifunguliwa Novemba 2000. Telkom ikalalamika kwamba ukiritimba wake unaingiliwa, na baada ya wiki kama mbili CCK ikaamuru ifungwe.

Sijui kama unaona nilivyoona. Swichi. Kifaa cha ukoo mmoja na hizi mbili zilizo chini ya kitanda changu, kikatangazwa haramu kwa kupeleka ujumbe kutoka mtaa mmoja wa Nairobi hadi mwingine bila kuondoka Kenya.

TESPOK hawakulala. Hoja yao ilikuwa kwamba hii si huduma ya kimataifa kwa sababu hakuna kitu kinachovuka mpaka; ni kundi la wanachama wanaobadilishana mizigo yao wenyewe. Mjadala ulichukua karibu mwaka mzima, leseni ikatolewa Novemba 2001, na KIXP ikafunguliwa tena Februari 2002. Muda wa ujumbe kwenda na kurudi kati ya kampuni mbili za Nairobi ukashuka kutoka zaidi ya sekunde moja hadi chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mimi nikisoma haya huwa siwazii sana mawakili na barua zao. Nawaza yule fundi aliyeambiwa arudi akachomoe nyaya alizochomeka wiki mbili zilizopita. Akazikunja vizuri, nadhani. Fundi wa mtandao hatupi kebo.

Sasa rudi kwa 1841 yangu. Ina milango miwili ya Etheneti, na kando yake nafasi mbili za kuchomeka kadi. Moja ilikuja na kadi iitwayo WIC-1T. Hiyo ndiyo kadi ya siriali, na kwangu ndiyo sehemu inayoongea zaidi. Kijana anayeanza leo anaweza kufanya kazi miaka kumi bila kuigusa. Kazi yake ilikuwa kuunganisha ofisi na laini ya kukodi: unalipa kampuni ya simu kila mwezi, inakupa laini yako peke yako kati ya makao makuu Nairobi na tawi la, tuseme, Kisumu. Kilobiti 64 kwa sekunde zilikuwa kitu cha maana. Benki, sacco, mashirika ya bima, viwanda, wote waliishi hivyo, na kila tawi lilihitaji rauta yake yenye kadi kama hii.

Halafu ikaja 2009. Serikali, ikiwa imechoka kusubiri mradi wa EASSy, ilikuwa imeamua kujenga kebo yake na washirika, TEAMS, kutoka Mombasa hadi Fujairah, Falme za Kiarabu. Katibu wa wizara wakati huo alikuwa Bitange Ndemo. TEAMS ikafika Mombasa mwaka huo, SEACOM nayo ikawashwa Julai, na EASSy yenyewe ikafuata 2010. Faiba ikaanza kuchimbiwa mitaani. Na faiba ikiingia ofisini mara nyingi huja na mlango wa Etheneti. Hakuna haja ya kadi ya siriali tena. Nadhani hapo ndipo maelfu ya rauta za matawi zilianza safari yao ya pili: kwanza stoo, halafu mnada, halafu kwa jamaa mwenye pikapu, halafu ghorofa ya pili karibu na Luthuli. Nyingine zinaingia kutoka Dubai zikiwa zimestaafu kwenye ofisi za huko, kwa hiyo Ghuba imetuletea faiba na mitumba yake pia.

Kwa hiyo tulikuwa na miaka fulani ya ajabu. Mtihani wa CCNA, ambao Cisco waliuanzisha 1998, uliendelea kuuliza Frame Relay, teknolojia ya enzi za laini za kukodi, hadi toleo la 2016 lilipoiondoa. Vijana wa Nairobi walinunua rauta zilizotupwa kwa sababu ya faiba, wakazitumia kukariri kitu ambacho faiba ilishaua, ili wapate cheti cha kuajiriwa na kampuni za faiba. Na walipita, na wengi wao ndio mabosi wa sasa.

Kununua kwenyewe kuna adabu yake. Muuzaji wangu alikuwa mzee wa makamo, amekaa katikati ya mlima wa pawasaplai.

“Hii ni ngapi, mzee wangu?”

“Hiyo ni original, kijana. Elfu sita.”

“Inawaka?”

“Si ni Cisco?”

Hilo si jibu. Mwambie aichomeke. Beba laptopu yako na kebo ya bluu ya konsoli, pamoja na adapta ya USB kwa sababu laptopu za siku hizi hazina mlango wa zamani. Fungua PuTTY, weka kasi ya 9600, uangalie inavyoamka. Ikifika mwisho, andika show version usome memori na flashi. Wengine huchomoa kadi ya flashi na kuiuza kivyake, na rauta bila flashi ni pambo la ukutani. Mimi niliangalia yote hayo mzee akinitazama kama daktari wa ng’ombe sokoni. Tukaelewana elfu tatu mia tano, na akaniongezea kebo ya stima.

Kulikuwa na neno la siri, kama kawaida. Rauta hizi zinauzwa zikiwa bado zimefungwa na fundi wa zamani. Dawa yake iko wazi kwenye maelezo ya Cisco wenyewe: unazima, unawasha, unabonyeza Break kabla dakika haijaisha, unaingia kwenye rommon, unaandika confreg 0x2142, halafu reset. Rauta inaamka bila kukumbuka chochote. Lakini kumbukumbu haijafutika, imerukwa tu. Ukiiita, inakuja yote.

Ikaja yote. Sitasema ilikuwa ya nani. Kulikuwa na jina la tawi, majina ya matawi mengine manne, anwani za ndani za mtandao, neno la siri la kusoma hali ya vifaa, na kwenye mlango wa siriali maelezo mafupi ya fundi: nambari ya laini na simu ya kupiga ikikatika. Mtu aliandika yale akiwa na haraka. Herufi mbili zimegeuzwa. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na wengi wetu tukiisikia tunafikiria fomu za kitambulisho kule mlangoni kwa soja. Hatufikirii kwamba ramani ya mtandao wa kampuni inaweza kuuzwa ndani ya gunia pamoja na remote za TV. Nilisoma mara moja, nikafuta. Nilisita kidogo, nakiri, kwa sababu kwa mtu anayependa historia yale yalikuwa maandishi ya kale. Lakini si yangu.

Watu huniuliza kwa nini nisitumie Packet Tracer tu, ni ya bure, au GNS3. Natumia. Tena kama una pesa ya kitu kimoja tu, weka akiba ya mtihani, ambao ni dola 300, uachane na chuma. Toleo la 200-301, lililoanza 2020, unaweza kulisomea lote kwenye laptopu. Lakini programu haina kebo iliyokatika ndani ambayo kwa nje inaonekana nzima. Haina stima inayopotea saa mbili usiku ukiwa hujahifadhi mpangilio. Nikiwa Entarara napata mafunzo hayo ya ziada bila malipo, isipokuwa tokeni.

Kuna somo moja ambalo huku kwetu linaeleweka haraka kuliko popote: kugawa mtandao. Ardhi ya Kitengela ilikuwa ranchi ya kikundi, chini ya sheria ya 1968, na kuanzia miaka ya 1980 ikagawanywa, halafu vipande vikagawanywa tena hadi ploti za hamsini kwa mia. Kila ukigawa, unapoteza kidogo: barabara, kona, njia ya nyumbu kutoka mbuga ya Nairobi. Mtandao wa anwani 256 unapoteza mbili ambazo hauwezi kumpa mtu. Ugawe mara nne, kila kipande kinabaki na 62 za kutumia, na zilizopotea sasa ni nane. Binamu yangu, ambaye hajawahi kushika rauta lakini amekaa kwenye mikutano mingi ya mashamba, alielewa kabla sijamaliza sentensi. Akauliza nani anaamua ukubwa wa vipande. Swali zuri, nikamwambia msimamizi wa mtandao. Akacheka sana.

Sasa natafuta 1841 ya pili yenye kadi ya siriali, na kebo ya DCE ya kuziunganisha mgongo kwa mgongo, ili niweke kasi ya 64000 nione laini ile ya kukodi ikiwaka hapa mezani, umbali wa futi tatu. Haiko kwenye mtihani tena. Mzee wa Luthuli amesema kuna mzigo unaingia mwisho wa mwezi, na kwamba kebo peke yake ni elfu moja mia tano. Nimemwambia elfu moja. Bado tunaongea.