Mwalimu na maoni yake: aseme au anyamaze?

Uchaguzi unapokaribia, swali hili hurudi: je, mwalimu awaambie wanafunzi anachokiamini yeye? Tuanzie Kariakoo, maana lilishawahi kumfika mtu huko.

Mwaka 1953 Julius Nyerere alikuwa akifundisha Pugu, kilomita 20 hivi kutoka mjini. Baada ya vipindi alikwenda Dar es Salaam, mara nyingi kwa miguu, hadi ofisi ya chama cha TAA katika mtaa ambao leo tunauita Lumumba. Mmoja wa wenzake pale alikuwa Abdulwahid Sykes, msimamizi wa soko la Kariakoo. TAA ikageuzwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata Nyerere alitakiwa achague, siasa au kufundisha. Akaacha kazi. Sharti lile halikuhusu alichosema mbele ya ubao, bali alichofanya baada ya kengele.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mambo yaligeuka. Shuleni kukawa na somo la Siasa, na mwalimu akatakiwa kufundisha msimamo wa chama. Ajabu ni kwamba andiko la Nyerere la mwaka huohuo, Elimu ya Kujitegemea, lilitaka mtoto ajengewe akili ya kudadisi. Vyama vingi viliporudi 1992, Siasa ikaipisha Uraia.

Leo mtumishi wa umma anaruhusiwa kuwa na chama chake, ila asifanye siasa saa za kazi wala mahali pa kazi. Hilo ni rahisi kulielewa. Gumu ni lile lisilo la chama. Oktoba 2021 machinga walipoondolewa barabarani Dar es Salaam, katika shule za jirani na Kariakoo mtoto wa machinga na mtoto wa mwenye duka huenda walikaa dawati moja. Wakimuuliza mwalimu nani ana haki, afanyeje?

Sisi tunaona ajibu, lakini baada ya watoto wote wawili kusema ya kwao, na awaambie wazi kuwa hayo ni maoni yake na hayana alama katika mtihani. Habari za mgombea aziache nje kabisa. Mtoto wako akirudi nyumbani ameambiwa mzazi ampigie nani kura, nenda kwanza kwa mwalimu mkuu, ukishindwa ipelekee kamati ya shule.