Kutoka Hamsa Ishirini hata Mvua Thelathini: Adhabu ya Mkosaji Sugu

Sugu, kwa asili, si neno la mahakama. Ni ile ngozi iliyogeuka ngumu kwa kusuguliwa na mpini wa jembe. Na asemaye "mhalifu sugu" amekwisha kueleza, pengine bila kukusudia, jinsi mtu huyo alivyofikia hali yake. Sheria zilizotawala Njombe na Makambako, pamoja na nchi nzima, hazikuifuata maana hiyo. Ngozi ilipozidi ugumu, fimbo iliongezwa.

Amri ya Kijerumani ya mwaka 1896 iliruhusu viboko 25 kwa safari moja, au 50 kwa safari mbili zilizoachana kwa majuma mawili. Watu wakaiita hesabu hiyo hamsa ishirini. Ajabu ni kwamba mwaka 1963 Bunge la Tanganyika huru, lilipoweka kiwango cha chini cha adhabu, liligawa viboko vivyo hivyo: kifungo kisichopungua miaka 2 na viboko 24, yaani 12 mtu aingiapo gerezani na 12 atokapo. Wanyang'anyi, wavunja nyumba na wezi wa mifugo wakahesabiwa pamoja na wala rushwa. Hata hivyo ulibaki mlango mmoja. Mkosaji wa mara ya kwanza, ikiwa mali haikuzidi shilingi 100 na pana sababu za pekee, aliweza kupunguziwa.

Mwaka 1969 ikatungwa sheria ya kuwahamishia waliozoea makosa katika makazi maalumu. Mwaka 1972 viboko viliondolewa na vifungo vikarefushwa. Mwaka 1989 viboko vikarudi, na unyang'anyi wa kutumia silaha ukawekewa kifungo kisichopungua miaka 30.

Tangu hapo hesabu inayotajwa ni ya mvua, kwani katika lugha ya magereza mwaka ni mvua. Pwani, penye masika na vuli, hesabu hiyo ingetatanisha; Njombe, ambako msimu wa mvua ni mmoja, yafaa kabisa. Basi mtu mzima aliyempora msafiri kwa panga hapo Makambako, penye njia panda ya Mbeya na Songea, ana mvua 30, liwe kosa lake la kwanza au la tano. Kwa maoni yangu, hapa ndipo sheria ilipopotewa na mtu iliyemkusudia, maana haimbagui tena sugu na asiye sugu. Rufani ikifika Mahakama Kuu, majaji watapima ushahidi. Lakini hatia ikithibiti, hawana ruhusa ya kushuka chini ya 30.