Asili ya Mchezo wa Counter-Strike na Namna Zake za Kuchezwa

Michezo iliyo mikongwe aghalabu haina mwanzo ujulikanao. Hapana awezaye kutwambia ni nani aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba kete za bao ziwe 64, wala ni kanuni zipi walizozijaribu wazee wakaziacha kabla ya kufikia hizi tulizozirithi. Kanuni ikiachwa, husahauliwa pamoja na wale walioicheza. Kwa sababu hiyo michezo ya kompyuta, ijapokuwa watu wengi huiona kuwa ni jambo la watoto, ina faida kubwa kwa mtu achunguzaye jinsi michezo inavyozaliwa na kubadilika. Kila toleo lake lina tarehe, na kanuni zilizoachwa huweza kusomwa bado katika matoleo ya zamani. Katika makala haya nakusudia kueleza habari za mmoja katika michezo hiyo, uitwao Counter-Strike, ambao ulianza mwaka 1999 nao ungali unachezwa na mamilioni ya watu kwa njia ya intaneti. Zaidi ya yote nataka kuonyesha ni kwa nini namna moja ya kuucheza iliota mizizi, ilhali nyingine zilizotungwa pamoja nayo zilinyauka.

Yafaa kwanza tujue kwamba mchezo huu haukutungwa na kampuni yo yote. Mwezi wa Novemba 1998 kampuni ya Valve, iliyokuwa katika mji wa Kirkland katika jimbo la Washington, Marekani, ilitoa mchezo wake wa kwanza uitwao Half-Life. Huo ulikuwa mchezo wa mtu mmoja mbele ya kompyuta yake, akifuata hadithi ya mtaalamu wa fizikia aliyenaswa katika msiba wa maabara. Injini yake, yaani ile programu ya ndani inayochora kuta na kuendesha mwendo wa risasi na miili, ilitokana na ile ya Quake, mchezo wa mwaka 1996 uliotengenezwa Texas na kampuni ya id Software. Watu wa id walikuwa na desturi ambayo siku zile wenye maduka wengi wangaliiona kuwa ni wazimu: waliwaachia wanunuzi wafungue mchezo, wabadili viwanja na silaha zake, kisha wagawiane kazi zao bure. Valve nao wakaifuata desturi hiyo. Basi juu ya shina la mchezo wa mwenyewe, mtu baki aliweza kupandikiza mchezo wake, kama mkulima apandikizavyo tawi la mchungwa mtamu juu ya shina la mchungu. Michezo ya namna hii nitaiita mapandikizi, maana sijaona neno jingine lifaalo zaidi.

Counter-Strike lilikuwa pandikizi la vijana wawili. Wa kwanza ni Minh Le, mzaliwa wa Vietnam aliyekulia Kanada, ambaye alikuwa mwanafunzi katika chuo kikuu cha Simon Fraser. Alikwisha kufanya kazi za namna hiyo juu ya Quake na juu ya mchezo uliofuata, Quake 2. Wa pili ni Jess Cliffe, Mmarekani, na yeye ndiye aliyelibuni jina. Le alitengeneza silaha na watu na kuandika programu. Cliffe alishughulika na sauti, na kuwasiliana na wachezaji, na kukusanya viwanja walivyovichora watu wengine. Toleo la kwanza la majaribio walilitoa tarehe 19 Juni 1999, nalo halikuuzwa. Tangu siku hiyo matoleo yalifuatana upesi, na wachezaji wenyewe ndio waliokuwa wapimaji: walilalamika, wakapendekeza, wakachora viwanja, na baada ya muda mfupi wakaona malalamiko yao yamejibiwa katika toleo jipya.

Sasa tutazame jinsi unavyochezwa. Pande ni mbili, magaidi na askari, na katika mashindano kila upande huwa na watu watano. Mchezo hugawanywa katika raundi fupi za dakika mbili au chini yake. Hapa ndipo ilipo tofauti kubwa kati ya mchezo huu na ile iliyoutangulia. Katika Quake mtu akiuawa hurudi uwanjani papo hapo, na kifo chake ni hasara ya nukta chache tu. Katika Counter-Strike aliyekufa hutoka, akakaa kimya akiwatazama wenzake mpaka raundi iishe. Kanuni hii moja ilibadili kila kitu. Mtu ajuaye kwamba kosa dogo litamkalisha nje hatembei kama ajuaye kwamba atafufuka. Husikiliza nyayo, hungoja penye kona, humwita mwenzake amlinde mgongo. Na yule wa mwisho abakiaye hai, peke yake dhidi ya watatu au wanne, hucheza huku wenzake wote wakimtazama. Nadhani hapana kitu katika mchezo huu kinachowavuta watazamaji kuliko hali hiyo.

Kanuni ya pili ni ya fedha. Kila mchezaji huanza na dola 800 za mchezo, ambazo hazitoshi kununua zaidi ya bastola na vitu vidogo. Akiua, au upande wake ukishinda, hulipwa, akibaki hai, silaha yake huendelea kuwa yake katika raundi ifuatayo, akifa, huipoteza. Upande unaoshindwa mfululizo huongezewa posho kidogo kidogo, kuanzia dola 1,400 hata kufikia 3,400, ili usikate tamaa. Kwa ajili ya kanuni hiyo, timu yenye akili wakati mwingine hukubali kushindwa raundi nzima kwa makusudi, ikicheza na bastola tu, ili iweke akiba na kununua bunduki zote kwa pamoja raundi ijayo. Mcheza bao aijuaye thamani ya kuilinda nyumba yake ataelewa jambo hili bila ya kufafanuliwa. Mchezo ambao kwa mbali waonekana kuwa ni wa kupigana risasi ovyo, ndani yake ni mchezo wa hesabu.

Namna ya kwanza ya kuucheza ilikuwa ya kuokoa mateka. Magaidi wanawashikilia watu kadha ndani ya jengo. Askari wanapaswa kuwafikia na kuwaongoza hadi mahali pa usalama. Namna hii ndiyo iliyokuwamo katika toleo la kwanza, na kwa muda ndiyo iliyokuwa Counter-Strike yenyewe. Walakini ilikuwa na kasoro mbili. Mateka waliongozwa na kompyuta, nao walikuwa wajinga: walikwama milangoni, wakaachwa nyuma kwenye ngazi, wakamwudhi kila aliyewaokoa. Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Mzigo wote wa kushambulia ulikuwa juu ya askari, na gaidi aliyejificha vizuri hakuwa na haja ya kufanya lo lote ila kungoja. Miaka mingi baadaye, mwaka 2013, kanuni hizi zilirekebishwa: askari akaruhusiwa kumbeba mateka begani, na mmoja tu akiokolewa ikawa yatosha kushinda. Marekebisho yalikuwa mema, lakini yalikuja wakati mashindano makubwa yalikwisha kuiacha namna hiyo zamani.

Namna iliyoipita ni ile ya bomu, iliyoletwa na toleo la nne la majaribio mwezi wa Novemba 1999. Magaidi huwa na bomu moja, na mahali pa kulitega huwa ni pawili, wakichagua wapendapo. Likiisha kutegwa, askari wana muda mfupi wa kulitegua. Katika matoleo ya karibuni ni sekunde 40, na kulitegua kwenyewe huchukua sekunde 10, au 5 kwa aliyenunua vifaa. (Mpenzi wa lugha ataona hapa jinsi Kiswahili kilivyokuwa tayari kuupokea mchezo huu: tega na tegua, kitendo na kinyume chake, kwa badiliko la silabi moja ya mwisho wa kitenzi.) Ubora wa namna hii ni kwamba hugeuza kazi za pande mbili katikati ya raundi. Mpaka bomu litegwe, magaidi ndio washambuliaji na askari ndio walinzi; bomu likiisha kutegwa, magaidi hujibanza kulilinda na askari hulazimika kushambulia. Hapana mtu awezaye kujificha raundi nzima na kushinda kwa uvivu. Tena, kwa kuwa mahali ni pawili, walinzi hulazimika kugawanyika, na mshambuliaji aweza kuwadanganya kwa kelele upande huu huku akija kwa upande wa pili.

Bahati ya namna hii ilizidishwa na uwanja mmoja. Kijana Mwingereza, Dave Johnston, alichora mji wa jangwani wenye kuta za rangi ya mchanga na malango ya tao, akaupa jina la Dust. Mawazo ya sura yake aliyapata katika picha zilizotangazwa za mchezo mwingine, Team Fortress 2, ambao wakati ule ulikuwa haujatoka bado. Dust ulitoka pamoja na namna ya bomu yenyewe, na mwaka 2001 ukafuatwa na Dust2. Uwanja huu wa pili hauna mapambo mengi. Una njia chache ndefu, zinazokutana mahali ambapo pande zote mbili hufika karibu wakati ule ule, na mgeni huweza kujifunza njia zake katika jioni moja. Umechorwa upya mara kadha tangu hapo, lakini njia zake zingali karibu zile zile.

Namna mbili zilizobaki hazikuwa na bahati hiyo. Katika namna ya mheshimiwa, iliyokuja mwaka 2000, askari mmoja alichaguliwa kwa bahati nasibu kuwa mtu mkubwa. Alikuwa na kinga nzito ya mwili lakini silaha yake ni bastola tu, na wenzake walipaswa kumsindikiza mpaka mahali pa kutokea. Akiuawa, raundi imekwisha. Katika namna ya kutoroka, magaidi hawakuruhusiwa kununua bunduki. Waliziokota njiani huku wakijaribu kupenya. Namna hizi mbili zilitungwa kwa akili, nami sikubaliani na wasemao kwamba zilikuwa upuuzi. Lakini ile ya kwanza ilitundika bahati ya watu watano juu ya mtu mmoja ambaye hakuomba cheo hicho, na akiwa mpumbavu, au akitaka tu kuwaudhi wenziwe, kazi yao yote iliharibika. Ile ya pili iliwanyima upande mmoja ule mchezo wa fedha, ambao ndio nusu ya utamu. Kutoroka kulitoweka mapema. Mheshimiwa aliishi mpaka toleo la dukani, lakini toleo jipya la mwaka 2004, liitwalo Source, halikumletea uwanja rasmi hata mmoja.

Nimetaja toleo la dukani. Katika mwaka 2000 Valve waliona kwamba watu wananunua Half-Life kwa ajili ya pandikizi lake, wakalinunua pandikizi lenyewe na kuwaajiri watungaji wake. Mwezi wa Novemba likauzwa kama mchezo kamili. Mwaka 2003 kampuni hiyo ilianzisha Steam, njia yake ya kuuza na kurekebisha michezo kwa intaneti, na wachezaji wa Counter-Strike walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuhamishwa humo, wengi wao wakinung'unika. Tangu hapo kubadili kanuni kukawa amri ya mwenye mali, ambayo humfikia kila mchezaji kwa siku moja.

Hata hivyo wachezaji hawakuacha kutunga. Wenye seva zao walizua mbio za silaha, ambamo kila auaye hupewa silaha nyingine mpaka amalize orodha yote; wakazua kuteleza, baada ya kugundua kwamba mchezaji akiegemea ukuta wa mteremko haanguki bali huserereka kwa kasi, wakajenga viwanja vizima vya kuserereka ambavyo ndani yake hapigwi mtu. Uhuru huo wakati mwingine ulileta taabu. Mwezi wa Januari 2008 mchezo ulipigwa marufuku Brazil kwa amri ya mahakama, na miongoni mwa mambo yaliyotajwa ulikuwa uwanja ulioonyesha mitaa ya maskini ya Rio de Janeiro. Uwanja huo haukuwa wa Valve. Ulichorwa na wachezaji. Marufuku iliondolewa mwaka 2009.

Toleo la Agosti 2012, Global Offensive, lilizichukua mbio za silaha zikawa namna rasmi. Mwaka uliofuata yaliongezwa mapambo ya bunduki yanayouzwa kwa fedha za kweli, na kutokana nayo kukazuka soko, na kutokana na soko kukazuka kamari, hata mwaka 2016 kampuni ikalazimika kuwaandikia wenye tovuti za kamari waache. Mwezi wa Disemba 2018 mchezo ukatolewa bure, pamoja na namna mpya iitwayo Danger Zone, ya watu wengi kuwindana mpaka abaki mmoja. Tarehe 27 Septemba 2023 likatoka Counter-Strike 2, likakalia mahali pa lile la 2012 badala ya kuwekwa kando yake. Siku hiyo Danger Zone halikuwamo, wala mbio za silaha. Waliozoea kuzicheza jioni baada ya kazi walifungua kompyuta wakakuta hazipo, na hawakuwa na mzee wa kumwendea wala ubao wao wenyewe wa kuendelea nao kisirisiri. Mbio za silaha zilirudishwa mwezi wa Februari 2024. Namna ya bomu, ambayo haikukosekana hata siku moja tangu 1999, ilikuwamo tangu siku ya kwanza, na uwanja wa Dust2 pamoja nayo.