Mapato ya Mlangoni na Chumo la Siku ya Mchezo

Miongoni mwa ibara ambazo lugha yetu imejitungia yenyewe mintarafu ya biashara ya kandanda, pasipo kungoja kamati wala kamusi, sioni iliyo fasaha kuliko hii ya mapato ya mlangoni, ambayo wasomaji wa magazeti ya Dar es Salaam wameizoea kwa miaka mingi, na ambayo muradi wake ni jumla ya fedha walizolipa watazamaji ili waruhusiwe kuingia uwanjani. Isichanganywe na kiingilio, kwani kiingilio ni bei anayotozwa mtu mmoja, na mtu wa mzunguko halipi sawa na mtu wa VIP; ilhali mapato ya mlangoni ni hesabu ya wote waliolipa, tajiri kwa maskini, ikikusanywa mahali pamoja baada ya filimbi ya mwisho.

Lakini ibara hii, pamoja na uzuri wake, siku hizi imebebeshwa mzigo usio wake, maana waandishi wetu wanaitumia kutathmini mambo mawili yaliyo mbalimbali: kufana kwa mchezo wenyewe, na matarajio ya biashara ya klabu iliyoukaribisha. Nitatwaa mfano mmoja unaolidhihirisha jambo hili.

Tarehe 25 Mei 2025 Simba iliikaribisha RS Berkane ya Moroko katika marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ikiwa imekwisha kufungwa mabao 2 kwa 0 kule ugenini. Ilikuwa fainali ya kwanza ya Afrika kwa klabu hiyo tangu mwaka 1993, ilipoangushwa na Stella ya Abidjan mbele ya watu wake, na kwa hiyo shauku iliyokuwamo nyoyoni mwa wapenzi wake haikuwa ndogo. Mchezo ule ulitazamiwa kuchezwa katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, unaochukua watu 60,000. Lakini Shirikisho la Kandanda la Afrika halikuridhika na hali ya eneo la kuchezea, likauhamishia Amaan, Unguja, kwenye uwanja uchukuao takriban watu 15,000. Timu zikatoka sare ya bao 1 kwa 1, na kombe likaenda Moroko.

Basi mtu akiupima mchezo ule kwa mlango peke yake, atanena kwamba Simba ilipoteza robo tatu ya watu wake kabla mpira haujaguswa, na kwamba hata kiingilio kingalipandishwa namna gani kisingaliweza kulifidia pengo hilo. Neno hilo ni la kweli, wala si dogo. Hata hivyo zawadi ya mshindi wa pili, iliyokuwa dola milioni 1, haikupungua kwa sababu ya udogo wa Amaan, kama ambavyo dola milioni 2 za bingwa zisingaliongezeka kwa ukubwa wa Mkapa. Aidha wale waliovuka bahari kutoka Dar es Salaam walilipa nauli za boti, wakala, wakalala, na fedha yao hiyo ikawafikia wenye boti na wenye nyumba za wageni wala haikupitia kwenye daftari la klabu. Hapa ndipo inapobainika kwamba mchezo waweza kuufaa mji kuliko unavyomfaa mwenyeji aliyeuandaa, na kwamba mtathmini asiyezitenga hesabu hizi mbili huwapotosha wanachama.

Yako pia makato. Fedha iliyopokewa mlangoni si mali ya klabu mpaka itolewe kodi ya Serikali, gharama za tiketi, fungu la uwanja, na haki za vyombo vinavyousimamia mchezo. Na aghlabu gazeti hutaja ile jumla kubwa ya kwanza kwa herufi nene, likayaacha makato. Napendekeza tushike kaida ya kusema mapato ghafi ya mlangoni kwa ile ya kwanza, na mapato halisi ya mlangoni kwa kile kilichobaki, maana maneno haya tayari yamo katika uhasibu wetu na kila karani anayafahamu.

Ugumu zaidi unatokea tunapotaka kuieleza ile dhana pana wanayoitumia wahasibu wa Ulaya. Kampuni ya Deloitte, ambayo kila mwaka hutoa orodha ya klabu tajiri, huyagawa mapato mafungu matatu: yale ya siku ya mchezo, yale ya matangazo ya televisheni, na yale ya wadhamini na bidhaa. Fungu la kwanza wengi wetu hulifasiri kuwa mapato ya mlangoni, na tafsiri hiyo haitoshi, kwani fungu hilo hukusanya pia chakula na vinywaji, vyumba vya wageni wa heshima, na tiketi za msimu zilizonunuliwa miezi mingi kabla, ambazo siku yenyewe hazilipiwi chochote mlangoni. Kwa dhana hiyo pana mimi naliona neno chumo kuwa ndilo lenye haki: chumo la siku ya mchezo. Kuchuma kwetu ni kutwaa tunda mtini, na ni kupata mali kwa kazi. Na klabu iliyowaita watu uwanjani inatakiwa ichume katika kila jambo wanalolifanya humo, tangu wanapoingia hata wanapotoka. Mlango uwe sehemu ya chumo, usiwe jina lake lote.

Faida ya kuyatenga maneno haya huonekana pale panapohitajika kunena habari za matarajio. Mlango wa fainali ni mlango wa siku moja. Anayetaka kuijua kesho ya klabu sharti aulize ni kipi kitakachorudi mwakani hata kama fainali haitarudi. Mkataba wa televisheni ya Azam wa kuonyesha Ligi Kuu, uliotiwa saini mwaka 2021 kwa miaka 10 na shilingi bilioni 225.6, ni wa aina hiyo, kwani unadumu pasipo kutegemea mvua wala kipigo cha wiki iliyopita. Wadhamini nao wana mikataba yenye miaka yake. Chumo la siku ya mchezo nalo laweza kuwa la kudumu, ila kwa sharti moja zito, nalo ni umiliki wa uwanja. Arsenal ya London ilipouacha uwanja wake wa Highbury mwaka 2006, wenye viti takriban 38,000, ikahamia katika uwanja wake mpya wenye zaidi ya 60,000, kila kiti kilichoongezeka kilikuwa chake yeye mwenyewe, juma baada ya juma, pamoja na deni lililokijenga.

Simba na Yanga, zenye umati usio na kifani katika nchi hii, hucheza michezo yao mikubwa katika uwanja wa Serikali. Lakini klabu ya Azam, ambayo umati wake ni mdogo, inao uwanja wake Chamazi. Yanga yenyewe imepata kuutumia uwanja huo wa Chamazi kama nyumbani, ikiwapeleka watu wake kwenye mlango wa klabu inayoshindana nayo katika ligi ile ile.