Kafuro: Kitongoji cha Wageni Kando ya Bweranyange

Novemba 1861, John Hanning Speke na James Augustus Grant walipokaribia Bweranyange, makao makuu ya ufalme wa Karagwe, waliulizwa wangependa kukaa wapi: ndani ya kikale, yaani ua wa Mfalme Rumanyika, nje ya ua huo, au Kafuro, kwa wafanyabiashara Waarabu. Swali hilo peke yake ni ramani ya mji. Mfalme yuko katikati, na wageni wana kitongoji chao kwenye njia iendayo Buganda. Wazungu hao walichagua nje ya ua, panapoonekana ziwa. Walipofika mbele ya mfalme, Speke anaandika, aliwasalimu kwa Kiswahili kizuri.

Salamu hiyo haijapewa uzito unaostahili. Tumezoea kuhusisha kuenea kwa Kiswahili magharibi mwa Ziwa Viktoria na utawala wa Wajerumani na shule za misheni, mambo ya miaka ya 1890 na kuendelea. Karagwe lugha ilikwisha kufika kinywani mwa mfalme takribani miaka 30 kabla.

Ilifikishwa na nani? Henry Morton Stanley, aliyekaa Kafuro mwaka 1876, anawataja wakazi watatu kwa majina: Hamed Ibrahim, Sayid bin Seif na Sayid wa Maskati. Kisha anaorodhesha mali ya Hamed: ng'ombe 150, mbuzi 40, watumwa 100, pembe za ndovu 450.

Basi wakazi 100 wa Kafuro wameingia katika historia kati ya mbuzi na pembe. Hata hivyo, mimi naamini hao ndio waliokuwa kitongoji chenyewe. Tajiri alikaa barazani akipokea wageni. Waliopika, walioteka maji, waliobeba mizigo na kununua ndizi kwa Wanyambo walikuwa watu wake, na ndio waliolazimika kuzungumza na jirani kila siku.

Nyumba za nchi hiyo zilikuwa za miti na nyasi, hivyo Kafuro haikutuachia kuta za mawe za kupima kama Kilwa au Lamu. Njia iliyobaki ni ya lugha. Yakusanywe maneno ya mkopo ya zamani katika Kinyambo, na yatenganishwe: yapi ni ya mizani na bidhaa, yapi ni ya jikoni, kisimani na ya mzigo kichwani.