Queen Bila Mercury: Albamu Iliyowagawanya Mashabiki

The Cosmos Rocks ni albamu ya pekee ya studio ambayo Queen, wakongwe wa roki wa Uingereza, waliitoa pamoja na mwimbaji Paul Rodgers, Septemba 2008. Ilikuwa albamu yao ya kwanza ya nyimbo mpya tangu Made in Heaven ya 1995, iliyobeba sauti ya marehemu Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar aliyefariki 1991.

Rodgers, aliyevuma na bendi za Free na Bad Company, ni mwimbaji wa bluzi. Hakujaribu kumwiga marehemu. Baadhi waliusifu uungwana huo. Wengine walihoji iweje jina Queen litumike ilhali hata mpiga besi John Deacon alikwishastaafu. Msomaji wa Kitale au Bungoma anayekumbuka Simba Wanyika walivyogawanyika 1978, wakazaliwa Les Wanyika, hatauona ubishi huo kuwa mgeni.

Wimbo wenye uzito zaidi ni Say It's Not True, ambao mpiga ngoma Roger Taylor aliitungia kampeni ya Nelson Mandela dhidi ya Ukimwi, maradhi yaliyoukatiza uhai wa Mercury.

Rodgers aliondoka 2009. Adam Lambert, aliyemfuata, ameimba nao majukwaani bila albamu mpya ya studio.