Nguzo Mbili na Jamvi: Historia Fupi ya Kuinua Gari

Waingereza walikuwa na tabia ya kuvipa vifaa vya kazi majina ya watumishi. Jack lilikuwa jina la mtu yeyote wa chini: kijana wa kazi, mbeba mizigo, baharia. Kilipopatikana kifaa cha kufanya kazi ya huyo kijana, kikarithi na jina lake. Sisi tukalipokea, tukaliongezea irabu mwishoni, likawa jeki. Kwa hiyo kila fundi anayepaza sauti "hebu lete jeki hapa" anamwita, bila kujua, mtumishi wa Kiingereza aje abebe gari.

Neno hili limenikaa kichwani kwa sababu kaka yangu anataka kuachana na mtumishi huyo. Ana ajira yake ya mchana, lakini jioni na Jumamosi anatengeneza magari kwenye banda nyuma ya nyumba yake, Goba. Amedunduliza hela miaka minne anunue lifti ya nguzo mbili. Akanipigia: "Dogo, wewe si ndo mwandishi wa habari? Nichimbie hiki kitu. Usiniletee bei, bei nazijua. Niambie ipi haitaniua."

Nikachimba. Nilidhani nitarudi na orodha ya vipimo. Nimerudi na historia, na nimegundua kwamba kila kipimo anachotakiwa kukiangalia ni jibu la tatizo ambalo mtu fulani alishakutana nalo kabla yake.

Tuanzie Marekani, katikati ya miaka ya 1920. Gari la Ford la Model T lilikuwa limeshuka bei mpaka chini ya dola 300, na lilipoacha kutengenezwa mwaka 1927 yalikuwa yameshatoka zaidi ya milioni 15. Magari ya zama hizo yalikuwa na njaa ya grisi. Viungo vyake vingi vilitaka kulainishwa mara kwa mara, na karibu vyote vilikuwa chini. Fundi alikuwa na njia mbili tu: alale chali kwenye vumbi, au ashuke kwenye shimo.

Shimo tunalijua wote. Mpaka leo gereji nyingi za Dar zinalo, na mvua za masika zikipiga linageuka bwawa. Ubaya wake mkubwa zaidi ni kwamba hauonekani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unashuka, unatulia chini, unasubiri cheche. Fundi aliyeingia shimoni na taa ya waya uliochubuka alikuwa amesimama ndani ya kitu kinachofanana na tangi.

Mwaka 1925, huko Memphis, jimbo la Tennessee, alikuwepo mtu anaitwa Peter Lunati. Yeye ndiye anayetajwa kuwa mbunifu wa lifti ya kwanza ya magari inayotumia nguvu ya haidroliki, na kampuni iliyozaliwa kutokana na ubunifu huo, Rotary, ipo mpaka leo. Historia ya kampuni inasimulia kwamba wazo alilipata kwenye kiti cha kinyozi. Kinyozi anakanyaga pedeli, mafuta yanasukumwa chini ya pistoni, mteja anapanda taratibu mpaka shingo yake ifike usawa wa mikono ya kinyozi.

Naipenda sana hadithi hii, na sababu yenyewe ni mgongo wa kinyozi. Kile kiti hakipandi kwa raha ya mteja. Kinapanda ili mtu anayefanya kazi asimame wima. Kwa karne nyingi, mtu ndiye alikuwa anajikunja kuifuata kazi: anainama, anachuchumaa, analala chini. Lunati akageuza mambo. Kazi ndiyo impandie mtu.

Elimu yenyewe haikuwa mpya. Blaise Pascal, Mfaransa, alishaeleza katika karne ya 17 kwamba ukikandamiza kimiminika kilichofungiwa, mkandamizo unasambaa kila upande kwa nguvu ileile. Joseph Bramah, Mwingereza, akapata hataza ya mashine yake ya kukandamiza kwa maji mwaka 1795. Ukitaka kuona jinsi hesabu inavyofanya kazi, chukua pistoni yenye upana wa sentimita 20. Uso wake una sentimita za mraba kama 314. Uisukume kwa kilo 7 tu kwa kila sentimita ya mraba, mkandamizo ambao kompresa ya kawaida ya kujazia matairi inaufikia, na unapata kilo 2,198. Tani mbili na zaidi, zinapandishwa na upepo na mafuta.

Lifti ya Lunati ilikuwa nguzo moja, silinda yake imezikwa ardhini, na gari likishapanda ungeweza kulizungusha kama sahani. Vituo vya mafuta vikaipenda. Lakini ile nguzo ilikuwa na kasoro ambazo kila fundi angeziona wiki ya kwanza. Ilisimama katikati ya tumbo la gari, palepale kwenye giaboksi na bomba la moshi. Ilidai uchimbe shimo refu kwenda chini. Na chuma kilichozikwa kinaliwa na kutu, kikitoboka mafuta yanaingia kwenye udongo bila mtu kujua, mpaka siku lifti inapokataa kupanda.

Halafu magari nayo yakabadilika. Model T ilikuwa na chasisi, mifupa ya chuma chini, bodi juu yake. Magari madogo ya baadaye yakaacha mifupa. Bodi yenyewe ikawa ndiyo mfupa, na mtengenezaji akaweka sehemu nne maalumu chini ya milango ambapo gari linaweza kubebwa. Ukalishika kwingine, unalikunja. Lifti ya nguzo mbili inayosimama juu ya sakafu, yenye mikono minne inayozunguka na kurefuka kuzifuata zile sehemu nne, ilikuwa jibu la matatizo yote hayo kwa mpigo: hakuna kuzika kitu, tumbo la gari liko wazi, magurudumu yananing'inia huru. Gereji za Marekani zikahamia huko kwa wingi kuanzia miaka ya 1970 na 1980. Ulaya nako zikaenea sana zile zinazotumia mota na skrubu ndefu badala ya mafuta, ambapo nati inapanda ndani ya nguzo ikiwa imebeba mkono, na chini yake ipo nati ya pili ya akiba, iwapo ya kwanza italika.

Hapo ndipo kaka alipoanza kunisikiliza vizuri, maana ametajiwa lifti ya skrubu iliyotumika, bei ya kutupa. Nikamwuliza maswali mawili. Je, nati za hiyo mashine zimepimwa lini? Na mota zake ni za fezi ngapi? Nati alikuwa hajui. Mota akajibu mwenyewe: "Fezi tatu. Mimi hapa nina moja." Ya skrubu ikaishia hapo.

Sasa kuna jambo wauzaji wanalipitia haraka sana. Kuna lifti ambazo mikono yake yote inalingana urefu, na kuna zile ambazo mikono ya mbele ni mifupi na nguzo zimegeuzwa kidogo. Za pili zilikuja kwa sababu ya mlango. Kwenye lifti ya mikono sawa, gari dogo likiingia, mlango wake unafunguka ukagonga nguzo. Kwa kurudisha gari nyuma kidogo, mlango unapita, na kwa kuwa injini iko mbele, uzito bado unabaki kati ya nguzo. Kwa IST, hiyo ni sawa kabisa. Kwa pikapu ndefu au Land Cruiser ya chasisi, ambayo uzito wake umesambaa zaidi, mikono sawa inatulia vizuri. Kaka anahudumia zote, kwa hiyo lazima achague ni gari gani litampa usumbufu. Na lolote atakalochagua, siku anayoshusha injini ajue kwamba mizani imehama: mbele kumepungua, mkia unataka kudondoka. Stendi ndefu chini ya mkia inahitajika kabla ya bolti ya kwanza kulegezwa.

Lakini nilichojifunza kwa mshangao zaidi hakimo kwenye mashine kabisa. Ni jamvi.

Lifti ya nguzo mbili haina miguu ya mbele wala ya nyuma. Gari linaning'inia pembeni ya kila nguzo, kwenye mikono, kwa hiyo muda wote nguzo inavutwa iangukie ndani. Kinachoikatalia ni bolti chache zilizoshika zege. Basi. Watengenezaji wengi wa lifti za tani nne hivi wanataka zege lisipungue sentimita 10, lenye nguvu inayokubalika, lisilo na ufa, na bolti zikae mbali na kingo. Na hapo wanazungumzia zege la kweli, siyo sakafu. Nyumba zetu nyingi, mnajua wenyewe: banda la gari linamwagwa mwisho, hela zimeisha, mchanga mwingi, saruji ya kunyunyizia, juu linapigwa nili linang'aa. Kwa macho ni jamvi. Kwa bolti ni biskuti.

Nikamwambia kaka atoboe kipande kimoja pembeni, tuone. Akatoboa. Sentimita sita.

Alikaa kimya kidogo kwenye simu. Kuvunja na kumwaga upya kwenye maeneo ya nguzo kunamaanisha nondo, kokoto, mafundi, na kusubiri siku 28 zege likomae. Kunamaanisha lifti yenyewe isogee mwakani. Shemeji yangu, ambaye kwa muda wote huo alikuwa upande wa kutonunua, ndiye aliyesema: "Kama ni kununua, basi vunja. Mtoto anaingia humo ndani."

Mtoto ana miaka kumi na miwili. Anamshikia baba yake tochi.

Nadhani inafaa niseme kwa nini swali la kaka halikuwa la utani. Mtaani tulikokulia palikuwa na fundi aliyekuwa akifanya kazi chini ya mwembe. Gari aliliinua kwa jeki, akalikalisha kwenye mawe, akaingia. Jiwe moja likapasuka. Hakufa, ila hakutembea tena sawasawa, na gereji yake ikaishia hapo. Wazee waliokwenda kumpa pole walisema kile tunachosema siku zote: ajali haina kinga. Nilikuwa mdogo, nikaiona ni hekima. Leo nikiangalia hii historia ya miaka mia moja, naona imejengwa na watu walioukataa huo msemo, mmoja baada ya mwingine.

Angalia ndani ya nguzo. Kuna ngazi ya meno ya chuma, na lifti ikipanda unasikia ta, ta, ta. Huo ni mlio wa ulimi wa loki ukipita kila jino. Gari likifika kimo unachotaka hutakiwi kuingia chini bado. Unalishusha kidogo mpaka likae juu ya meno, kwenye nguzo zote mbili. Kuanzia hapo halibebwi tena na mafuta wala sili wala waya. Limekaa juu ya chuma. Aliyebuni hivyo alijua kwamba bomba la mafuta litapasuka siku moja. Akapanga liweze kupasuka bila mtu kufa. Kinga ndiyo hiyo.

Ndivyo zilivyokuja na taasisi. Watengenezaji wa Marekani waliunda chama chao cha lifti, ALI, mwaka 1945, na leo lifti iliyopimwa na kupita chini ya utaratibu wake hubandikwa lebo ya dhahabu. Ulaya wana kiwango kinachoitwa EN 1493. Lebo inaweza kughushiwa, ndiyo, kwa hiyo namba ya toleo ilinganishwe na orodha ya taasisi yenyewe. Banda la nyumbani mkaguzi halijui. Humo, mkaguzi ni mwenye nyumba.

Kaka ameshaamua: haidroliki, fezi moja, tani nne, mikono mifupi mbele, na ile aina ambayo waya zake zinapita chini sakafuni, kwa kuwa paa lake ni la mita tatu na chache na zile zenye boriti ya juu zinataka zaidi ya hapo. Land Cruiser atazipeleka kwa rafiki yake. Jamvi limeshavunjwa.

Wengi wanaotutengenezea magari hawatakaa wachague lifti. Wako Gerezani, wako Ilala, wako kwenye gereji bubu chini ya miti, na jeki ndiyo waliyonayo. Kwao historia hii ina neno moja tu, na halina gharama kubwa: jeki ni ya kupandishia, siyo ya kukalishia. Gari likishapanda, liwekwe juu ya stendi za chuma, kwenye ardhi ngumu, litikiswe kwanza kabla mtu hajaingiza kichwa. Stendi mbili ni bei rahisi kuliko siku moja ya hospitali. Ukipeleka gari na ukakuta mawe, mwulize fundi wako anazo. Kama hana, labda mnunulie.